TIKTI ZA IHSANI NA HESABU ZAKE

Ndugu zetu wakaao Uingereza, watakapo kuchanga fedha za visima au skuli kwa tikti za bahati nasibu, na wajue kwamba nia njema haitoshi. Uhalali wake katika dini twawaachia masheikh. Sisi leo twanena sheria ya serikali.

Sheria ya mwaka 2005 yataka chama kidogo kijiandikishe kwenye baraza la mji: pauni 40 mwanzo, kisha 20 kila mwaka. Mauzo ya kura moja yasizidi pauni 20,000, na asilimia 20 kwa uchache iifikie ihsani yenyewe. Aliye chini ya miaka 16 hauziwi tikti. Auzaye karamuni tu hahitaji kujiandikisha, ila asikate zaidi ya pauni 100 kwa gharama.

Lakini sharti litupendezalo sisi watu wa duka ni hili: ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kura, hesabu ya mapato, zawadi na gharama ipelekwe barazani, imetiwa sahihi na wanachama wawili walioteuliwa kwa maandishi. Wawili, si mmoja! Tumewaona wangapi wenye daftari na mfuko mkononi mwao peke yao? Hao wasipewe tikti nyingine mpaka waisome hesabu ya kwanza mbele ya wenziwao.