Sajili Kwanza, Harambee Baadaye

Na Zuhura Kitwana

Katika vyuo vikuu kadhaa vya umma nchini Tanzania, chombo kinachowaunganisha watu waliokwisha kuhitimu huitwa Baraza la Masajili, jina ambalo wengi hulisikia mara moja tu, siku ya mahafali, joho likiwa bado begani, na kisha hulisahau. Asili yake ni kusajili, yaani kuandika jina katika daftari ili mwenye jina ajulikane na aweze kuitwa. Chuo kinapotafuta mkuu mpya wa uhusiano na wahitimu, yaani ofisa atakayesimamia mawasiliano kati ya chuo na watu wake walioko nje, kingefanya vema kulitafakari jina hilo kabla ya kuandika tangazo la kazi, maana sehemu kubwa ya kazi yenyewe imo humo.

Matangazo ya namna hii kwa kawaida huomba mtu mwenye uzoefu wa masoko, uhusiano wa umma na uchangishaji fedha, kana kwamba anayetafutwa ni mpiga debe wa kujaza basi. Tamaa hiyo inaeleweka, kwa kuwa ada na ruzuku ya serikali hazitoshi, na mifano ya vyuo vya Marekani vinavyoendeshwa kwa sehemu na michango ya wahitimu hutajwa katika kila kikao cha mipango. Hata hivyo, mpangilio wa matukio huko Marekani kwenyewe haukuwa huo. Chuo cha Williams, katika jimbo la Massachusetts, kilipata jumuiya ya wahitimu mwaka 1821, pale mkuu wake alipohama na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo cha Amherst, na waliokuwa wamesoma Williams wakakusanyika kukinusuru kisife. Mfuko wa michango ya kila mwaka ya wahitimu wa Yale, ambao hutajwa kuwa mfano wa mifuko ya aina hiyo, ulianzishwa mwaka 1890, takriban miaka 70 baadaye. Watu walijuana na kuitana kwanza, bahasha ikapitishwa baadaye sana.

Kujua nani ni mhitimu ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, hasa mahali ambapo vyuo vyenyewe vimebadili majina na mamlaka mara kwa mara. Taasisi iliyoanza Muhimbili mwaka 1963 ikiitwa Shule ya Tiba ya Dar es Salaam ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikasimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Daktari aliyehitimu mwaka 1975 ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingawa wodi alizojifunzia ziko Upanga na wala si Mlimani, na vyuo viwili vinaweza kumdai kwa haki sawa, au, kama inavyoelekea kutokea zaidi, kila kimoja kikadhani yumo katika daftari la mwenzake. Mzumbe nayo ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa chini ya utawala wa Waingereza, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kile ambacho watumishi wa umma wa rika fulani hadi leo hukiita IDM, na ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Mwenye stashahada ya juu ya IDM anapoona mwaliko unaozungumzia wahitimu wa chuo kikuu, ana sababu ya kujiuliza kama naye ameitwa.

Ndani ya majalada mambo huwa magumu zaidi. Anwani ya mwanafunzi wa miaka ya themanini ilikuwa sanduku la posta, na mara nyingi sanduku hilo lilikuwa la shule ya msingi, la parokia, au la ofisi alikofanya kazi mjomba. Wanawake wengi wamechukua majina ya waume zao baada ya kuhitimu, na wapo waliolitanguliza jina la babu mahali palipokuwa na jina la baba, kwa hiyo mtu mmoja husomeka kama watu wawili na watu wawili husomeka kama mmoja. Kompyuta haiwezi kuyatatua hayo peke yake. Anahitajika mtu mwenye subira ya kupiga simu.

Inafaa kutazama jirani mmoja anayefanya kazi inayofanana na hii. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, humfuata mdaiwa wake hadi kwenye orodha ya mishahara, kwa kuwa mwajiri anabanwa na sheria kumtaja mhitimu aliyemwajiri na kumkata. Bodi inaweza kumpata mhitimu ambaye chuo chake kimempoteza, ila tofauti ni kwamba yenyewe ina amri mkononi, na chuo kina hisani tu.

Hisani hiyo, kwa bahati, imekwisha kujipanga bila chuo. Kila darasa lina kundi lake la WhatsApp, lenye mhazini anayekusanya rambirambi na anayejua nani amehamia Dodoma na nani amefiwa, na ofisa mwenye busara atawaendea wahazini hao kabla ya kuunda jumuiya mpya yenye nembo. Atawaendea kwa adabu, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu kuzoa namba za watu bila ridhaa yao.

Tena kuna dirisha la hati za matokeo, ambako mhitimu hurudi miaka 15 baadaye akiwa na stakabadhi ya malipo mkononi, akaambiwa aje Jumatano. Barua ya harambee inapomfikia, hiyo Jumatano ndiyo anayoikumbuka. Kama mkuu mpya hana sauti yoyote juu ya dirisha hilo, cheo chake ni pambo.

Usaili wa nafasi hii, basi, ungeweza kufupishwa. Kila mwombaji apewe jalada moja la mwaka 1983, lenye picha ndogo iliyofifia na sanduku la posta la shule, apewe simu na siku moja ya kazi, na saa kumi jioni kamati iipige namba atakayorudi nayo, isikilize nani anapokea.