Kabla Ununue Turbo, Nionyeshe Breki Zako

Wasee wa Kitale na Bungoma, leo tunaongea gari. Najua nusu yenu mtakasirika, lakini someni hadi mwisho kwanza, halafu ndio mnitusi.

Mwaka jana binamu yangu alinunua Subaru Impreza iliyochoka kabisa. Akaipeleka kwa fundi hapa Kitale, gereji ya kawaida tu, bati juu, oili chini. Baada ya miezi minne ile gari haikuwa ile tena. Turbo kubwa, eksozi mpya, kompyuta imepangwa upya, viti vya nyuma vimetolewa, hata speya imeachwa nyumbani ndio gari iwe nyepesi. Ukiiwasha, mtaa mzima unaamka. Nilirekodi kila hatua, na nyinyi mlitazama. Asanteni.

Halafu usiku mmoja tukashuka kwenda Bungoma. Tulipopita Kiminini, gari nyingine ikatuwashia taa kwa nyuma. Mnajua hiyo maana yake. Binamu akaniuliza, "Tuende?" Ni mimi nilisema, "Enda, narekodi."

Tulienda. Mbele yetu boda boda bila taa ikaingia barabarani, imebeba mama na gunia. Binamu akakanyaga breki, zile zile ambazo gari ilikuja nazo. Pedali ikashuka, gari haikusimama. Tuliwapita kwa kubahatisha, kioo cha upande kikagonga gunia, likapasuka. Hakuna aliyeumia. Mahindi yalimwagika lami yote. Yule mama hata hakututukana. Aliinama tu akaanza kuokota mahindi yake. Tulimsaidia kwa tochi ya simu, simu ile ile iliyokuwa inarekodi.

Video hiyo hamjaiona na hamtaiona.

Sasa, sisemi watu waache kutengeneza magari. Napenda hii kitu sana. Kama wengi wenu, mimi nilianza kuota nikiona ile Dodge Charger nyeusi ya 1970 kwa The Fast and the Furious ya 2001. Wamarekani walichukua gari kubwa la familia, wakalitia injini ya V8, na vijana wakaendelea kutoka hapo: matairi mapana nyuma, viti nje, gia za difu zimebadilishwa, supachaja juu ya injini. Charger ungeweza kuiagiza na injini ya Hemi ya lita 7, farasi 425. Lakini cheki hii: magari mengi ya aina hiyo yalitoka kiwandani na breki za dramu. Nguvu ya simba, breki za baiskeli. Kwa hivyo ugonjwa wetu si mpya.

Na ukweli ni kwamba hiyo Charger haiji hapa kirahisi. Kenya hairuhusu kusajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na gari kuukuu kutoka nje likipita miaka minane halikubaliwi. Sawa tu. Sisi tuna zetu. Waulize wazee kuhusu Peugeot 504, ile iliyobeba abiria huku Magharibi miaka na miaka. Ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 na Subaru Impreza, na hadi leo watu wa Subaru hapa hawajanyamaza. Misuli si lazima itoke Detroit.

Kitu cha kuiga Marekani si gari, ni akili waliyopata baada ya kuzika watu. Vijana wao pia walikuwa wanakimbizana barabarani usiku. Mwaka wa 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, wazo likiwa rahisi: toa mbio barabarani, zipeleke mahali pake. Robo maili, mita 402, imenyooka, na baada ya mstari wa mwisho kuna nafasi ndefu ya kusimama. Kisha masharti. Gari la zamani likikimbia robo maili chini ya sekunde 11.50, lazima liwe na vyuma vya kumkinga dereva likipinduka. Likifika maili 150 kwa saa, lazima liwe na parachuti. Na 2008, Scott Kalitta alipofariki kwenye mbio New Jersey, magari yao yenye kasi zaidi yalipunguziwa umbali hadi futi 1,000. Hawa ni watu wenye pesa na uwanja, na bado walisema wacha tupunguze.

Sisi tunakimbia wapi? Barabara ya Kitale kwenda Webuye, yenye ng'ombe, boda na watoto wa shule. Ama ile barabara pana ya Kanduyi hadi Musikoma, usiku, kwa sababu imenyooka. Sheria inakataza kushindana barabarani bila kibali, lakini wacha nikuambie kitu kigumu kuliko polisi: hesabu. Ukiongeza kasi mara mbili, kutoka 80 hadi 160, kazi ya breki haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Hiyo turbo haikukuongezea nguvu tu, ilikuongezea deni, na breki ndizo zinalipa. Zikishindwa, analipa mama mwenye gunia.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Moja: shilingi ya kwanza iende kwa breki, matairi na mshipi. Fundi mzuri atakuambia hivyo. Yule anayekimbilia kukuuzia turbo kabla hajainama kuangalia diski zako, huyo toka kwake.

Mbili: tupewe mahali. Kitale iko na kiwanja kidogo cha ndege chenye lami. Sisemi tukichukue. Nasema Jumapili moja kila miezi mitatu, kwa kibali cha wenye kiwanja, chini ya Kenya Motor Sports Federation, ambulensi ikiwa pale, gari likikaguliwa kabla liguse mstari. Ikiwa urefu hautoshi, tukimbie nusu ya robo maili. Vijana wa Bungoma wapande, wa Kitale wawangoje, tumalize hii kelele ya nani mkali.

Najua mtu atasema kaunti zinunue dawa kwanza. Ni kweli, dawa kwanza. Lakini washindani wakilipa kiingilio na watazamaji wakilipa kidogo, si lazima kaunti itoe pesa nyingi, inahitaji kutoa ruhusa. Na wale mafundi wetu wanaochomelea eksozi kwa macho tu watapata wateja mchana, si kwa kujificha. Vijana wa polytechnic watapata mahali pa kuona injini ikifanya kazi.

Tatu, na hii ni yangu: sirekodi tena mbio za barabarani. Mnitumie, msinitumie, sitapost. Nimegundua ile gari haikuwa inakimbia bure. Ilikuwa inakimbilia kamera yangu.

Binamu bado anayo Subaru. Iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, haina magurudumu, inangoja breki kubwa za mbele. Ile turbo ameitoa, ameifunga kwa gazeti, iko chini ya kitanda. Anasema itarudi siku tutapata mahali pa kusimamia.

Gari yako iko na breki gani? Usiniambie farasi ngapi. Sijauliza farasi.