Ugonjwa ukitufungia, tusisahau watoto wa otizimu

Machi 18, 2020, Raisi Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa masomo, makanisa na baa katika nchi nzima ili kuzuia Korona. Hapa Goma watoto wengi walifurahia likizo. Kwa jirani yangu mmoja wa Ndosho, taabu ndiyo ilianza.

Kijana wake alikuwa na miaka 14. Ana otizimu, wengine husema usonji. Kila asubuhi alikunywa uji katika kikombe kilekile, akavaa nguo za masomo, akapita njia ileile. Masomo yalipofungwa, alivaa kama kawaida na kusimama mlangoni. Mama akamwambia: «Leo hapana masomo, papa.» Kesho yake akasimama tena. Siku ya nne akaanza kupiga kichwa kwenye ukuta wa mbao, na usiku halali.

Majirani wakasema ni pepo. Wengine wakataja uchawi. Hapo mimi nasema hapana. Otizimu haiambukizi, wala si kosa la mama. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyo tangu utoto. Mtoto huyo anaielewa siku kwa mambo yanayorudia. Ukiyakata ghafula anaogopa, na pengine hana maneno ya kukuambia. Tena, sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009 inamlinda mtoto anayesingiziwa uchawi.

Mama yule hakuwa na mtaalamu wa kumuuliza. Alirudisha uji saa ileile, kikombe kilekile. Kisha walitembea pamoja mpaka mlango wa masomo uliofungwa, wakarudi. Kwa makaa alichora ukutani kazi za siku: uji, matembezi, kuchota maji, kulala. Kidogo kidogo kijana akapata usingizi.

Lakini siku moja askari aliwasimamisha na kudai amende, kwa sababu kijana hakuvumilia barakoa usoni. Aprili 2 ya mwaka uleule, siku ya dunia ya otizimu, Raisi Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba watu wenye otizimu wataruhusiwa kutoka nje zaidi ya wengine. Kwetu mimi sikusikia tangazo la namna hiyo.

Kwa nini nayasema leo? Kwa sababu Korona haikuwa ya mwisho. Agosti 14, 2024, OMS ilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia, na kambi za wakimbizi wa vita karibu na Goma zilikuwa zimekwisha kuguswa. Mtoto wa otizimu aliyekimbia vita amepoteza nyumba, njia na kikombe chake. Ukimtenga pia na mama yake, unamwachia nini?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Viongozi, mkifunga masomo au njia, wapeni watoto hawa ruhusa ya kutembea na mzazi. Waganga, mkimtenga mtoto wa namna hii, mruhusuni mzazi mmoja akae naye akiwa amejikinga vizuri. Wazazi mlio chini ya mahema, shikeni jambo moja lisilobadilika kila siku, hata kama ni uji tu, na badiliko lolote mwambieni mtoto mapema, kwa picha au kwa ishara.

Na sisi majirani, tukisikia mtoto analia usiku, tubishe hodi tuulize mama anahitaji nini. Maneno ya pepo tuyaache.