RANDA IKIHARIBU UBAO, AKATWE MSHAHARA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Katika karakana moja ya mbao hapa mpakani mwenzetu alikatwa mshahara kwa sababu mbao tatu za mvule zilitoka na mawimbi. Tulikuwapo, tukaona. Nyapara hakuitazama randa ya umeme hata mara moja. Alisema tu, "Mchagua jembe si mkulima," akaandika jina la mtu kitabuni.

Sisi twamjibu: jembe lililolegea mpini hulima namna gani? Sisi watu wa reli hapa Malaba, behewa likitoka njiani hupima njia kwanza. Je, kati ya reli mbili ingali mita 1? Je, reli moja imezama? Hapana mtu wa kulaumiwa kabla ya kupima. Basi na randa ipimwe vile vile.

Pimeni hivi. Chomoeni waya ukutani, maana kisu cha randa hakina huruma na vidole. Pindueni randa. Lazeni kipande cha ubao kilichonyooka juu ya bamba la nyuma, kipite mpaka juu ya visu. Zungusheni silinda ya visu polepole kwa kijiti, si kwa kidole. Kila kisu kiguse ule ubao kidogo tu, pembe hii sawa na pembe ile.

Kisu kimoja kikiwa juu kuliko mwenzake, hukata peke yake, nao ubao hutoka na mawimbi. Pembe moja ikiwa juu, hubaki mfereji upande mmoja. Visu vyote vikizidi bamba la nyuma, randa huchimba shimo mwishoni mwa ubao. Vikiwa chini yake, hupanda na kuacha kukata. Visu vibadilishwe viwili pamoja, si kimoja leo na kimoja mwezi ujao. Tazameni pia mkanda uliochakaa, takataka zilizoziba, na waya mrefu mwembamba unaonyima mashine nguvu. Na mbao mbichi, kama nyingi zinazovuka kutoka Uganda na Kongo, hung'oka nyuzi hata randa ikiwa nzima.

Hatufichi makosa yetu. Mwanzo wa ubao kandamiza mbele, mwisho kandamiza nyuma. Fuata nyuzi za mti. Ondoa milimita 1 au chini yake kwa safari moja, wala usikimbize randa. Lakini twauliza: ni nani anayesimama na saa mkononi akihesabu mbao? Ni nani anayesema visu vipya ni gharama?

Sheria iko. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa tajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu! Kisu butu si makusudi ya fundi. Tajiri aliyenyimwa habari aweza kusema hakujua; aliyeambiwa akanyamaza, kosa ni lake.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, muda wa kukagua randa kila asubuhi uhesabiwe kuwa kazi. Pili, visu na mikanda ya akiba iwepo karakanani. Tatu, asikatwe mtu hata senti kabla mashine haijapimwa mbele yake na mbele ya mjumbe wa chama.

Nanyi mafundi wa Busia mnaopiga randa kandokando ya barabara, jambo hili ni lenu pia. Randa ikiharibika, andikeni siku, saa na kasoro, mbaki na nakala. Maneno ya mdomo hupeperuka kama maranda. Karatasi hubaki.

Umoja ni nguvu.