Pikipiki ya babu ni darasa zuri, lakini petroli si mchezo

Nyuma ya nyumba nyingi ipo pikipiki ya zamani iliyofunikwa turubai. Pengine ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, au nyingine ya rika hilo iliyoachwa na babu au mjomba. Kijana wa sekondari akirudi likizo, anaipiga kiki mpaka jasho linamtoka. Haiwaki. Mara nyingi injini haina kosa, tatizo liko kwenye kabureta.

Mzazi anaweza kumfukuza akasome, au kutoa hela apelekewe fundi. Ipo njia ya tatu, kuifungua pamoja naye, awe wa kiume au wa kike. Ni kazi ya asubuhi moja, ila inahusu petroli, kwa hiyo sheria zitangulie spana.

Kazi ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko, sigara na kila aina ya moto. Wadogo wasiwe karibu. Petroli inayomwagwa iingie kwenye kopo la bati, kamwe isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu, anakunywa. Wala mtu asinyonye petroli kwa mpira mdomoni.

Ikitokea mtoto amemeza, asitapishwe. Petroli inapopanda tena inaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Maziwa si dawa yake, na yanaweza kumfanya atapike. Awahishwe hospitali, na chupa aliyokunywa ibebwe.

Baada ya hapo, darasa lianze. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo la petroli lenye boya, kama lile la tanki la maji. Petroli ikijaa, boya hupanda na sindano yake huziba njia. Hewa inayovutwa na injini hupita mahali pembamba kwa kasi, ikanyonya petroli kupitia vitundu vidogo vya jeti. Pikipiki ikikaa miezi mingi, petroli hukauka na kuacha utando kama gundi. Jeti zikiziba, pikipiki haiwaki, au inawaka kwa choki tu na kuzima choki inaporudishwa.

Kijana afunge koki ya tangi, amwage petroli iliyo kwenye bakuli, kisha afungue. Kila hatua aipige picha kwa simu, na skrubu azipange kwenye sahani kwa mfuatano. Ile skrubu ndogo ya kurekebisha mchanganyiko asiitoe kwanza. Aikaze taratibu mpaka iguse mwisho huku akihesabu mizunguko, aandike idadi, ndipo aitoe. Wakati wa kufunga, atairudisha kwa idadi ileile.

Hapa ndipo haraka huharibu. Jeti ni za shaba nyeupe, laini, kwa hiyo bisibisi iwe ya saizi yake. Zisichokonolewe kwa waya wa chuma wala pini. Kitundu kikipanuka kidogo tu, petroli inazidi, moshi unakuwa mweusi na plagi inajaa masizi. Zilowekwe kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha zipulizwe kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo. Macho yakingwe kwa miwani. Jeti iliyo safi ukiielekeza kwenye mwanga, unaona tundu la mviringo.

Mpira wa bakuli ukiwa umekakamaa, ununuliwe mwingine. Kuupaka silikoni ya kawaida ni kujidanganya, maana petroli huilegeza na vipande vyake huziba jeti upya. Tangi nalo liangaliwe. Kama lina kutu ndani, bila kulisafisha, kazi yote itarudiwa baada ya siku chache.

Wakishafunga, koki ifunguliwe na watu wasubiri dakika kadhaa kabla ya kupiga kiki. Petroli ikidondoka, pikipiki isiwashwe. Huenda kuna uchafu kwenye sindano ya boya, au sindano yenyewe imelika. Matambara yaanikwe nje yakauke, mikono ioshwe kwa sabuni, na nguo zilizolowa petroli zivuliwe mara moja.

Ikikataa kuwaka, si aibu kumwita fundi. Kijana awepo, amweleze alichofungua na amwonyeshe picha. Na ikiwaka, mzazi amweleze mapema kwamba kujua kutengeneza si leseni ya kuendesha. Ufunguo unabaki kwa mzazi mpaka umri, mafunzo, leseni na kofia ngumu vitimie.