Wakoko nao wacheze, wasikalishwe tu kuchunga mizigo

Leo ninaongelea wakoko.

Ulaya na Japani kuna wazee wanaocheza michezo ya video wakiwa wamesimama. Mama mzee anakaa mbele ya televisheni, mshale unatokea, anakanyaga kushoto ao kulia kabla muda haujaisha. Mwili unatembea, akili inachagua, vyote kwa mara moja. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba inawasaidia baadhi yao kuwa makini zaidi na kutoanguka ovyo. Kidogo, ninasema. Haiponyeshi ugonjwa wa kusahau.

Sasa mtu ataniuliza: televisheni gani, umeme gani, sisi ambao tangu kambi za Bulengo na Lushagala zivunjwe mwezi wa pili 2025 tunalala kwa jamaa ao tumerudi kwenye nyumba zisizo na mabati? Ana haki. Lakini tazameni mchezo wenyewe. Si ni nzango? Mistari miwili inatazamana, wimbo, makofi, kuruka, halafu kila mmoja anatoa mguu. Lazima ukisie mwenzako atatoa upi, ukumbuke pointi, usiachwe na wimbo. Wasichana wengi wa Kongo waliucheza shuleni, na hauhitaji waya hata mmoja.

Kinachoniuma ni kwamba tumewaondolea wakoko kila kilichokuwa kinawaamsha. Kijijini alikuwa na shamba, mbegu za kuchagua, soko, madeni ya watu ya kukumbuka. Hapa anakalishwa juu ya bidoni toka asubuhi, “koko, pumzika”, na sisi tunaona ni heshima. Tume ya jarida la Lancet, mwaka 2024, ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya akili kupotea uzeeni. Kati yake kuna kutotembeza mwili, upweke na kutosikia vizuri. Wangapi kati ya wakoko wetu wana yote matatu?

Na kwetu kusahau kunaweza kuua. Huko Kivu Kusini wamama wazee wamesingiziwa uchawi, wengine wakauawa. Anayepotea njia usiku, anayeongea peke yake, huyo ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Huyo apelekwe kituo cha afya, si kwa mufumu.

Mashirika yanatengeneza viwanja vya watoto, na ni vizuri. Lakini asubuhi, watoto wakiwa masomoni, viwanja vinabaki tupu. Saa hiyo wapewe wakoko, hata mara tatu kwa juma. Mwenye presha aulize muganga kwanza. Mwenye magoti mabaya acheze ameketi, kwa mikono. Na chakula kiwepo: anayeleta mchezo bila unga anatuchekesha.

Mtaani kwetu tutajaribu Jumamosi. Nitakuja na mama. Kuruka hawezi tena, lakini nyimbo anazijua zote, na akiona mtu anadanganya pointi atasema.