Fidia Isimngoje Anayelalamika
Julai 2009 kampuni ya televisheni ya setilaiti ya Dish Network ilikubali kulipa karibu dola milioni 6 kumaliza malalamiko ya majimbo 46 ya Marekani, yakiwemo ya kutowaambia wateja kwamba vifaa walivyouziwa au kukodishwa vilikwisha kutumika au kukarabatiwa. Watetezi wa suluhu za namna hii husema kesi ingechukua miaka, na mawakili wangekula zaidi kuliko wateja. Ni kweli. Lakini fidia inapomngoja mteja alete malalamiko, aliyechoka kupiga simu akang'oa dishi lake hubaki mikono mitupu, ilhali kampuni ndiyo yenye jina lake, anwani yake na namba ya king'amuzi chake (ankara haikosi kumfikia!). Mwenye orodha ndiye awatafute waliodhurika, tena bila kudai risiti.